Nyongo Haina Kidogo

Maini ya kuku ni kazi ya dakika mbili,
lakini shangazi Zelinda aliyaanza tangu asubuhi,
kwa kisu kidogo, taa ikiwaka mchana kweupe,
maana ukungu wa Novemba ulikuwa umelalia mashamba ya Verona
hata mfereji haukujua unakokwenda.

Kila ini aligeuza kama mtu asomaye barua.
Palipo na doa la kijani alikata, akatupa.
"Nyongo haina kidogo," aliniambia.
"Tone moja, sufuria nzima ya mbwa.
Na mbwa naye atakulaumu."
Akayalaza katika maziwa,
akayafunika kwa sahani yenye ufa.

Jioni mlango ukabishwa.
Ami Gaspare,
ambaye hakuwa amekanyaga jikoni humo miaka kumi na mmoja.

Shamba la babu liligawanywa kwa kamba,
na kamba ilivutwa.
Hatua tatu tu.
Baba yangu alikwisha uza fungu lake, akahamia Torino;
wakabaki hao wawili na hizo hatua tatu,
na siku ya mazishi ami akatamka neno
lililomkata shangazi maini.
Neno lenyewe sijaambiwa hadi leo.

Sasa amesimama mlangoni na kifuko cha mchele.
"Ni wa zile hatua tatu," alisema.
"Niliuvuna peke yake."

Shangazi hakujibu.
Alifungua kifuko, akanusa, akapima:
konzi yake, konzi yangu, konzi ya sufuria.
Akasimama.
Nilihesabu mapigo ya saa ya ukutani.
Kisha akatia mkono tena.

Mchele wetu hauoshwi, wala haufunikwi.
Hukaangwa mkavu kwa siagi na kitunguu
mpaka usikie unanong'ona,
ndipo divai nyeupe, mvuke wote usoni,
ndipo supu ya mifupa ya kuku yuleyule,
upawa baada ya upawa,
na usiuongeze mpaka mchele wenyewe uombe.
"Koroga," shangazi akamwambia ami.
Akampa mwiko.
"Mdomo funga."

Akakoroga, koti bado mwilini,
ukungu ukiyeyuka kwenye masharubu yake,
tone likining'inia,
nami nikiliombea lisidondoke.

Kikaangoni siagi ilikuwa imeanza kunukia karanga.
Maini yakaingia na kijiti cha rosmari,
yakalalamika, yakageuzwa, yakatoka.
Ndani yabaki na haya kidogo, rangi ya waridi.
Ini likiiva kupita kiasi ni kifutio cha shule.

Yakamiminwa juu ya wali. Moto ukazimwa.
Siagi baridi, jibini kavu iliyokunwa,
shangazi akaishika sufuria kwa masikio yote mawili
akaitikisa, wali ukapanda ukingoni, ukarudi,
mzito, unang'aa.
"Kaeni! Watu huungoja wali, wali haumngoji mtu."

Tulikula kwa uma, kutoka pembeni kwenda katikati,
pembeni ndiko kunakopoa kwanza.

Ami akasema, "Chumvi imezidi."
Shangazi akasema, "Chumvi ni ya dukani.
Mchele ndio wako."

Kimya.
Kisha akachukua mkate, akafuta sahani
mpaka ua lililochorwa chini yake likaonekana lote,
hata jani lililobanduka rangi.

Asikudanganye mtu kwamba walipatana.
Kufikia Pasaka walikuwa wakitukanana ng'ambo hii na ng'ambo ile,
safari hii kwa ajili ya maji ya mfereji.

Ila usiku ule niliachiwa vyombo.
Sufuria ya wali uliokorogwa vizuri haina ukoko.
Hii ilikuwa nao, upande mmoja, upana wa kiganja:
mahali ami aliposahau mwiko
akimtazama dada yake akipindua maini.

Niliukwangua kwa kijiko.
Ulikuwa mchungu kidogo.
Niliula wote, nimesimama, bila kumwita mtu.